Bibi Shamba na Mizabibu ya Mshangano

Katika miaka sita niliyokaa jirani naye, sikumwona hata mara moja akimeza divai aliyoitengeneza. Alimimina kidogo kwenye glasi, akaivuta puani, akaizungusha mdomoni kama mtu anayesukutua, kisha akaitema kwenye ndoo ya majivu. Halafu alinyamaza. Alinyamaza mpaka wewe uliyesimama karibu uanze kuona haya, kama vile umemfumania. Mwishowe alitoa neno moja. "Bado." Au "Imekwisha," maana yake imeharibika. Au, mara chache sana, "Hii iachwe."

Mtaa wetu wote wa Mshangano ulimwita Bibi Shamba. Hicho ndicho cheo alichokuja nacho Songea kutoka Dodoma, bibi shamba wa serikali, wa kuwafundisha watu nafasi ya mahindi na wakati wa kuweka mbolea ya kukuzia. Alipostaafu, cheo kikabaki kuwa jina. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, mgeni kama yeye, ila nilitoka karibu zaidi: Nalasi, kule Tunduru, kwenye mikorosho ya baba yangu. Nilipanga vyumba viwili vilivyopakana na shamba lake. Dirisha la jikoni lilitazama mistari ya mimea iliyotambaa kwenye nyaya, na kwa miezi miwili ya kwanza niliamini ni mapasheni.

"Mapasheni!" alisema siku nilipomuuliza. "Mwalimu mzima! Zunguka, uje huku."

Nikazunguka. Ndivyo nilivyojua kwamba nyuma ya jiko langu kulikuwa na zabibu, na nyuma ya zabibu kulikuwa na kibanda cha tofali za kuchoma kilichoezekwa nyasi juu ya bati ili kisipate joto, na ndani ya kibanda mapipa ya plastiki ya buluu yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja limetolewa mpira mwembamba uliozama kwenye chupa ya maji. Maji yalikuwa yanatoa mapovu, moja baada ya jingine. Aliinama akayasikiliza kama anavyosikilizwa mtoto mwenye kifua.

"Inaongea," alisema. "Ikinyamaza kabla ya wakati wake, ujue kuna shida."

Mizabibu aliizungumzia kama watu. Mstari wa kwanza ulikuwa wa zabibu nyekundu alizoleta kutoka kwao, zile za Makutupora. "Huyu ni mvumilivu wa jua, lakini mvua ya Songea inampa homa." Mstari wa pili ulikuwa wa zabibu nyeupe zenye jina la Kifaransa, ambalo alikataa kunifundisha. "Usijisumbue. Hatafika mwaka wa tatu." Na kweli, masika iliyofuata majani yake yaliota unga mweupe wa ukungu, matunda yakapasuka yangali machungu, naye akaing'oa yote.

Mstari wa tatu aliuita Mkongwe, kwa kuwa hakuna aliyejua jina lake halisi. Mti mama wake Bibi Shamba aliukuta katika parokia moja ya zamani nje ya mji, unatambaa kwenye ukuta nyuma ya jiko, kuku wamelala chini yake. Inaonekana mapadre wa zamani waliupanda kwa ajili ya divai ya misa, wakaondoka, ukasahaulika. Zabibu zake zilikuwa ndogo, nyeusi, ngozi ngumu, na ukitafuna moja ulimi unakauka kama umelamba chaki. Lakini ukungu haukuugusa. Alienda pale akiwa bado kazini, kukagua bustani ya mboga, akasimama mbele ya ule ukuta mpaka mpishi akamuuliza kama anaumwa. Aliondoka na vipandikizi kumi na viwili vimefungwa kwenye gunia lenye maji. Saba vilishika.

"Miaka yote hiyo hakuna aliyempulizia dawa," aliniambia. "Hakuna aliyempogolea. Na bado anazaa. Nikasema, huyu ameshakuwa mtu wa hapa."

Kwao Dodoma walivuna mara mbili kwa mwaka. Hapa alivuna mara moja tu. Mvua zilipokwisha alipogolea miti mpaka ikabaki visiki vyenye vidole, na matunda yakaiva kwenye ukavu, baada ya baridi ya Julai. Nilimsaidia kupogolea mwaka wa pili. Nilikuwa nakata kwa woga, ncha kwa ncha. Alininyang'anya mkasi.

"Kata mpaka uone aibu," alisema. "Ukimwonea huruma sasa hivi, Oktoba hana kitu cha kukupa."

Kwa watu hakuwa mpole. Alimfukuza kibarua mmoja, mwanamke mwenye watoto wanne, kwa kosa la kuacha mkasi kwenye umande. Alimfukuza saa hiyohiyo, mbele ya wenzake, na hakumwita tena. Mwezi uliofuata yule mama akaugua. Nilimwona Bibi Shamba akipita njia ya nyuma na debe la maharage kichwani, akalitua mlangoni kwake, akageuka bila kupiga hodi. Nilipomsifu kwa hilo alikasirika. "Maharage ni maharage," alisema. "Mkasi bado una kutu."

Kila Jumapili alikwenda kanisani na kukaa benchi la mwisho, na alitoka kabla ya matangazo. Hakupenda ngoma wala redio. Walevi hakuwataka hata getini. Mtu akija na kidumu kutaka apimiwe, kama anavyopimiwa pombe ya ulanzi, alimwambia aende kwenye ulanzi. Divai yake iliuzwa kwa chupa, imefungwa kizibo, na aliyenunua aliulizwa atainywa na nani.

Siku moja tulikuwa tunaosha chupa, mikono imevimba kwa maji ya moto, nikapata ujasiri.

"Bibi Shamba, wewe hunywi, na walevi huwapendi. Kwa nini unatengeneza?"

Aliinua chupa akaitazama dhidi ya mwanga.

"Mume wangu alikunywa gongo mpaka akaisha," alisema. "Nilimzika ana uzito wa mtoto. Hakuwahi kunywa kitu kizuri hata siku moja. Hakujua kama kipo."

Akaendelea kuosha. Hakulitaja tena jambo hilo, nami sikuuliza.

Mimi ni Mwislamu, na sikuionja divai ile. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na hakunikaribisha hata kwa utani. Lakini aligundua kwamba nina pua. Nilikulia kwenye harufu ya mabibo yanayooza chini ya mikorosho, ya uraka, pombe ya mabibo hayo, unaotengenezwa vichakani na watu ambao baba aliwapita bila kuwasalimia. Nilijua kitu kinachochacha vizuri na kinachochacha vibaya kabla sijajua kusoma. Bibi Shamba yeye alikuwa na ulimi, ila maneno hakuwa nayo.

"Nusa," alikuwa akiniambia, ananisogezea glasi. "Kama nini?"

"Kama udongo mvua inapoanza."

"Na nyuma yake?"

"Korosho. Korosho inayokaribia kuungua."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetafsiriwa barua. Mwaka wa tatu wa urafiki wetu aliniomba niyaandike maneno hayo kwenye lebo. Mwandiko wangu ni mzuri. Ni kitu pekee ambacho wakaguzi wa shule hawakuwahi kukilalamikia. Niliandika kwa wino mweusi: Divai ya Mshangano. Zabibu za Mkongwe. Chini yake mistari miwili ya harufu. Akaenda mjini akatoa kopi nyingi, akazibandika kwa uji wa ngano. Kila chupa iliyotoka pale ilitoka na mkono wangu juu yake. Nilifurahi, na niliona aibu, na sikumwambia mtu yeyote wa Nalasi. Baba alipouliza kwenye simu jirani yangu analima nini, nilisema matunda.

Chupa hizo alizipeleka kwa mwenye grosari mmoja mjini, mtu mcheshi, anayemwita kila mwanamke dada. Makubaliano yalikuwa wateja wakimaliza warudishe chupa tupu grosari, na yeye azirudishe kwa Bibi Shamba. Kibali cha kutengenezea divai Bibi Shamba alikuwa nacho, amekitundika ukutani ndani ya mfuko wa nailoni. Mwaka wa tano chupa zilianza kurudi chache.

"Zinapotea," alisema Bibi Shamba.

"Zitakuwa zinavunjika," nilimjibu. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Sikuinua hata kichwa.

Baba alikuja Songea mwezi huohuo, kutibiwa miguu. Alilala chumba changu cha mbele. Kila asubuhi alikaa mlangoni na tasbihi yake, akitazama shamba la jirani, na kila asubuhi nilimwekea kiti upande wa pili, akakirudisha.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya kipaimara mtaa wa pili. Tulisikia muziki mpaka jioni. Jumapili wageni wa sherehe wakaanza kutapika. Jumatatu alfajiri watu watatu walikuwa wamekufa, na wa nne, fundi seremala wa pale mtaani, kijana wa miaka thelathini hivi, alikuwa hospitali anawauliza wauguzi kwa nini hawawashi taa.

Askari walifika saa mbili asubuhi, wawili, pamoja na mtendaji wa mtaa. Nyuma yao walikuja waombolezaji, wanaume waliofunga mashati viunoni na wanawake wenye kanga kichwani. Mimi nilikuwa nimeshatoka na mkoba wangu wa shule, nimekwama kwenye njia kati ya nyumba mbili. Bibi Shamba alikuwa anafunga matawi kwenye waya. Askari mkubwa aliinua chupa.

"Hii ni yako?"

Aliichukua, akatoa kizibo, akainusa. Uso wake ulibadilika. Akanisogezea mimi, kwa mazoea tu, kama alivyofanya siku zote. Harufu yake ilinipanda mpaka machoni: rangi ya mbao, spiriti, kitu cha hospitali. Hapakuwa na udongo wala korosho.

"Chupa ni yangu," alisema Bibi Shamba. "Kilichomo si changu."

Watu wakapiga kelele. Mwanamke mmoja akakaa chini palepale, kwenye vumbi, akaanza kulia jina la mumewe. Askari akamgeukia Bibi Shamba tena.

"Na hii lebo? Huu mwandiko ni wa nani?"

Alinitazama. Ni kitambo kifupi tu. Hakunitazama kwa kuniomba. Alinitazama kwa sababu swali lilikuwa langu. Alihitaji mtu mmoja aseme: mimi ndiye mwandishi, ninaijua divai hii kwa harufu, miaka mitatu nainusa, na hiki si chenyewe. Mwalimu wa sekondari, asiyekunywa, asiye na sababu ya kudanganya. Wangeweza kunisikiliza.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Tasbihi imesimama kwenye vidole vyake.

"Mwalimu," mtendaji aliniuliza, "wewe ni jirani. Unaujua huu mwandiko?"

"Siujui," nilisema.

Bibi Shamba aliushusha uso wake kwenye chupa.

"Niliandika mwenyewe," alisema.

Wakamchukua, pamoja na kibali chake. Hakuruhusiwa kubadili kanga ya kazi. Nilikwenda shule, nikaandika ubaoni, na wanafunzi wakaniuliza mara mbili kama naumwa.

Miti ilikatwa jioni hiyohiyo, baada ya mazishi ya kwanza. Walikuja na mapanga, ndugu wa seremala mbele. Nilifunga dirisha la jikoni, lakini panga likikata waya uliovutwa sana linatoa mlio ambao ukuta hauuzuii. Walipasua mapipa. Divai ya mwaka ule ilitoka chini ya mlango wa kibanda, ikafuata mtaro, ikapita mbele ya kizingiti changu. Baba aliitazama ikipita. Asubuhi aliomba nimkatie tiketi ya kurudi Nalasi, ingawa miguu ilikuwa haijapona. Stendi aliniambia, "Umesema vizuri kwamba hujui." Sijawahi kuelewa kama alikuwa ananisifu au ananiambia anajua.

Wiki tatu zilipita kabla polisi hawajakifungua chumba cha nyuma cha ile grosari. Walikuta pipa la spiriti ya viwandani, rangi ya kupikia, na chupa za Mshangano zimepangwa safi, lebo zangu juu yake. Yule mcheshi alikamatwa njiani kuelekea mpakani. Bibi Shamba akaachiwa. Aliteremka kwenye bodaboda mbele ya shamba lake, amekonda, ameshika kile kibali ndani ya mfuko wa nailoni. Alisimama mwanzoni mwa mistari. Nilikuwa dirishani. Niliwaza nitoke, nimwambie shikamoo, nipige magoti. Nilikaa pale mpaka chai ikapoa.

Mvua zilipokuja visiki vya Mkongwe vilichipua. Vile vya Makutupora vilikufa, lakini Mkongwe alitoa machipukizi mekundu kila mahali alipokatwa, na mimi, mjinga, nilifurahi. Jumamosi moja Bibi Shamba alitoka na jembe. Alianzia mstari wa juu. Alichimba kisiki kimoja baada ya kingine, akakata mizizi kwa shoka, akatupa yote kwenye rundo. Ilimchukua siku nne. Majirani walisimama njiani. Sasa walikuwa wanamsalimia, wengine walimwambia pole, mmoja akamwomba aache walau mmoja wa kivuli. Aliwaitikia salamu zote na hakuacha kuchimba. Rundo lilipokauka alilichoma, akapanda mahindi kwa nafasi aliyowafundisha watu maisha yake yote.

Niliwahi kwenda kwenye ile parokia, kimya kimya, nikiwa na gunia na chupa ya maji. Nilifikiri nitampelekea vipandikizi vipya, na hiyo itakuwa ndiyo namna yangu ya kusema. Jiko lilikuwa limejengwa upya, kubwa, la vigae. Ukuta wa zamani haukuwepo. Mpishi alikuwa mgeni, hakukumbuka mti wowote. Kwa hiyo zabibu ile, isiyo na jina kwenye kitabu chochote ninachokijua, haipo tena Songea, na sidhani kama iko mahali pengine.

Nilihamia mtaa wa Ruhuwiko mwisho wa mwaka uliofuata. Nilisema ni kwa sababu ya umbali wa shule. Baba alifariki miaka miwili baadaye, na kizuizi changu kikawa kimeondoka, na bado sikwenda Mshangano.

Nilimwona Bibi Shamba tena mwaka huu, Jumanne, kliniki ya macho. Mimi nilikwenda kupima miwani ya kusomea. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani, nywele zote nyeupe, na pembeni yake mwanamume mpana mwenye mikono ya useremala iliyotulia juu ya magoti. Mwanamume huyo alikuwa amegeuzia uso wake dirishani, kwenye mwanga. Nilimtambua kabla sijataka: yule fundi wa sherehe ya kipaimara.

"Shikamoo, Bibi Shamba."

"Marahaba." Akanisogezea nafasi, nikakaa. "Unafundisha bado?"

"Bado. Na wewe? Unaumwa macho?"

"Mimi sina shida. Namleta huyu. Jicho moja linaona mwanga kidogo, wanataka kulitazama kila mwezi. Mkewe alirudi kwao, na ndugu zake Jumanne wana kazi."

Alisema hivyo kama anavyosema mtu anayepeleka mahindi mashineni. Tulikaa. Muuguzi aliita namba, si yetu. Nikajua kwamba nikinyamaza tena pale, nimenyamaza mpaka kaburini.

"Bibi Shamba, mwandiko ule ulikuwa wangu. Niliukana mbele yako."

"Unaniambia mimi?" Alitazama mbele. "Mimi ninajua. Mwambie asiyejua."

Seremala alikuwa ameshageuka. Macho yake yalinikosa kidogo, yakatua begani kwangu. Nikamwambia yote: lebo, harufu, swali la mtendaji, baba yangu mlangoni. Nikamtajia jina langu kamili. Alisikiliza bila kusogeza hata kidole.

"Ulijua palepale kwamba siyo divai yake?"

"Nilijua palepale."

"Nilikuwa kitandani," alisema. "Ndugu zangu walikuja wakaniuliza wafanye nini. Niliwaambia wakate yote, wasiache hata mmoja." Alipapasa fimbo yake, ikaanguka. "Ungesema, wangeacha?"

"Sijui."

"Wasingeacha," alisema Bibi Shamba. "Watu walikuwa wamekufa. Wasingeacha." Aliokota fimbo ya seremala sakafuni akamwekea mkononi. "Lakini ungesema."

Muuguzi aliita namba yao. Bibi Shamba alisimama kwa shida, akamshika seremala kiwiko, akamwambia kuna ngazi moja, seremala akainua mguu, wakaingia.